Pindo la Kanga

Kokubanza aliogopa jambo moja tu: kuzinduka kabla madaktari hawajamaliza kumpasua wamtoe mtoto. Na kweli alizinduka. Maumivu hakuyasikia, mwili uligoma hata kupepesa jicho, lakini masikio yalikuwa macho.

"Mtoto ameshakufa," daktari alisema. "Mama asiambiwe mpaka apate nguvu."

Kesho yake mumewe aliingia wodini Bukoba, akitokea nyumbani Ijumbi.

"Mtoto anaendeleaje?" Kokubanza aliuliza.

"Hajambo, mke wangu. Wamemweka kwenye joto."

Kokubanza akamshika mkono. Kucha za mumewe zilijaa udongo mbichi wa migombani, wanakozika watu wao.

"Anafanana na nani?"

"Na wewe."

Kokubanza akautoa udongo ule taratibu, ukucha baada ya ukucha, akaufunga kwenye pindo la kanga.