Kisiwa cha Boti Moja

Filomena hakuwa na sanduku la safari. Hakuwa na saa, wala viatu vya kufunga, wala ndugu hata mmoja aliyewahi kuiona bahari. Kuogelea hakujua. Na kwa siku thelathini na tatu sasa hakuwa na mume. Stefano alikuwa amezikwa Kilosa kwao, na tanga lake lingeanuliwa huko Jumamosi.

Hata hivyo, kila mgeni mwanamke aliyefika peke yake kwenye nyumba ya wageni ya Mikumi, pale Filomena alipofua mashuka, aliulizwa swali moja. Goodhope wa mapokezi ndiye aliyetafsiri.

"Mwulize, kisiwa gani kinamfaa mwanamke asiye na mtu?"

Majibu aliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa kisomo cha watu wazima, herufi kubwa kubwa. Unguja: wageni wengi, boti kila siku. Aliikata kwa mstari palepale. Pemba: karafuu, watu wapole, boti mara mbili au tatu kwa wiki. Hiyo aliifikiria siku nzima, kisha akaikata nayo.

Mgeni wa tatu, mwenye pua iliyobambuka kwa jua, alicheka aliposikia swali.

"Anasema Mafia," Goodhope alitafsiri. "Minazi, samaki, kimya. Lakini boti ni moja kwa wiki, na wiki nyingine haionekani kabisa. Alikwenda kwa siku tatu, akakaa kumi na moja. Ndege ni ya wenye dola."

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja. Dada, huko si kusafiri, ni kupotea."

Filomena aliandika MAFIA, akalizungushia jina hilo duara, halafu duara la pili. Kingine hakuandika.

Habari hazikukawia kumfikia Melkizedek, kaka mkubwa wa Stefano. Alikuwa na duka Kilosa, na tangu serikali iruhusu mitumba alikuwa amenunua pikapu na kuongeza mke wa pili. Jumapili alifika Mikumi, nyumbani kwa Filomena. Mkononi alikuwa na barua ya Filomena aliyoichukua posta, nayo ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Ndiyo ilikuwa tabia yake: kila chenye maandishi katika nyumba ya ndugu yake, yeye alikisoma kwanza.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nasikia unauliza njia za baharini."

"Nauliza."

"Mwanamke peke yake! Huo ni utalii au uhuni?"

"Wenzangu wakija hapa peke yao mnawaita watalii. Mimi niitwe mhuni?"

Melkizedek alimtupia ile barua. "Jumamosi nakabidhiwa upinde wa Stefano. Anayeupokea ndiye mrithi wa nyumba hii, shamba, na wewe. Wenzako wawili wamekwisha kukufagilia chumba."

"Wasijisumbue. Mimi si mtumba, shemeji. Sivaliwi na wa pili."

Mzee Kondo, mtani wa ukoo, aliyekuwa ameketi kizingitini, aliangua kicheko. Mtani msibani hafungwi mdomo.

"Melki, umeambiwa! Tena jiangalie. Kwenu upinde haupokelewi kwa niaba. Kigoda cha mrithi kikiwa kitupu, mjane anaushika mwenyewe, na baada ya hapo hakuna wa kumgusa."

"Kigoda changu kitupu? Labda nife."

"Na mjane asipokuwapo?"

"Basi nitakabidhiwa hewa, Kilosa nzima inicheke?" Melkizedek alimgeukia Filomena. "Utakuwapo. Nimewaambia makondakta wote wa stendi: atakayekupakia tutajuana."

Filomena alimkaribisha chai, akaendelea kukunja mashuka.

Jumatatu asubuhi mlango wake ulikuwa umefungwa kwa nje. Kapu halikuwapo, wala kanga zake mbili. Goodhope aliulizwa, akasema hajui, akatazama pembeni.

Melkizedek alivunja kufuli, akafunua godoro. Daftari lilikuwa hapo, naye alilisoma lote amesimama. Unguja imekatwa. Pemba imekatwa. Mafia ina maduara mawili.

"Mjinga huyu," alisema huku akicheka. "Kati ya sehemu zote za kukimbilia amechagua kisiwa! Kisiwa kina mlango wa nyuma? Leo nalala Dar. Kesho kutwa namshika mkono. Ijumaa tuko Kilosa."

"Na bahari utaivuka vipi?" Kondo aliuliza.

"Mimi ni mfanyabiashara, mzee. Sijawahi kukosa usafiri."

"Kigoda hakina miguu ya kukufuata, Melki."

"Basi kikae mkao wa kuningoja."

Akaiacha pikapu, akapanda basi la kwanza lililopita.

Jumatatu ya wiki iliyofuata Filomena alisimama kwenye kaunta ya posta ya Kilosa, ng'ambo ya duka la mitumba lililofungwa. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya majani ya miwa ya mashamba ya Ruhembe, alikojificha hadi Jumamosi. Begani alikuwa ameutundika upinde.

Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa kubwa:

"Kwa Shemeji Melkizedek, Kilindoni, Mafia. Shikamoo. Tanga tulilianua Jumamosi, wewe hukutokea. Mimi bahari sijaiona mpaka leo. Usiwe na haraka ya kurudi, maana barua hii itakufikia kwa boti hiyohiyo unayoingoja."

Akailamba bahasha, akaibana kwa ngumi ili asiifungue asiyehusika, akaitumbukiza.