Kitumbua chenye Macho

"Umemlisha nini mwanangu, Bi Mize?"

"Kitumbua chenye macho ya zabibu kavu. Katoto kamekuja kanalia, kakakiona kakacheka! Ulitaka nikafungie mlango?"

Rukia aliuinua mkono wa mwanawe, Nasri. Bangili ya serikali aliyovishwa ilishageuka nyekundu. Siku hizi mtoto akila nje ya kwao, bangili husema, na serikali huja kumchukua. Bi Mize aliijua sheria, ila mtoto kupita mlangoni pake mikono mitupu, hakuweza kustahimili.

Afisa akatokea barazani, kijana mkavu kama kigae. Rukia akamkumbatia mwanawe, roho mkononi. Afisa akanyoosha mkono kumchukua, na kifundoni pake ikaonekana alama ya bangili ya utotoni. Macho yake yakakwama kwenye sahani ya vitumbua.

Bi Mize akatandika mkeka.

"Hujawahi kula kwa jirani, baba? Ingia, karibu tule."