Marahaba Yangu

Kila mstaafu anayesafiri peke yake sharti aamkiwe na gari lake saa kumi na mbili asubuhi. Likisema "Shikamoo" naye asiitikie, linageuka lenyewe na kumrudisha kwa wanawe.

Nimefundisha miaka thelathini na nane, nimeitikia shikamoo za watoto mpaka koo likakauka. Sasa niitikie na ya gari ninamolala? Thubutu! Jana nilirekodi "Marahaba" kwenye simu kuukuu, nikaifanya alamu ya saa kumi na mbili, nikaiacha kwenye usukani.

Leo, hapa Kitulo, nikashuka mapema kwenda kuona maua mlimani. Nyuma yangu nikasikia, "Shikamoo, mama." Alamu ikajibu, "Marahaba." Nikacheka peke yangu.

Kisha mwanangu Ambakisye akapiga simu ya gari. "Mama, umeamkaje? Utarudi lini tukutunze?"

Nikasimama. Alamu yangu ilikuwa na neno moja tu.

"Nimeamka salama, mwanangu," gari likajibu kwa sauti yangu. "Narudi leo."

Injini ikawaka. Nikakaza kamba za viatu.

"Haya, nenda ukatunzwe wewe," nikaliambia, nikaendelea kupanda.