Risasi Zenye Ncha

Kiboko alikuwa ndani ya mpunga wetu, na baba mkwe alikuwa uani akijaza bunduki.

Nilichungulia kutoka jikoni. Bunduki ile ni mpya, imeundwa kwa kuiga zile za kizamani zenye wenzo wa kuvuta chini ya kifyatulio. Risasi hulala kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa kitako cha ile. Ndiyo maana inataka risasi bapa, zisizo na ncha. Alizoshika zilikuwa na ncha kama msumari.

Mimi ni askari wa wanyamapori, najua. Akifyatua moja, mshtuko utagongesha ncha ya nyingine kwenye fataki iliyo kitakoni mwa mwenzake, na bomba litamlipukia mkononi.

Lakini kwetu Wanyakyusa mkamwana hasemi na baba mkwe. Tangu niolewe hajawahi kusikia sauti yangu. Na wa kumtuma hakuwepo; wote walikuwa shambani wakipiga madebe.

Akaingiza ya pili.

“Baba, zitoe! Hiyo inataka risasi bapa!”

Mkono wake ukasimama. Hakugeuka.

“Nani amesema?” akauliza.

Pale nyumbani tulikuwa wawili tu.