Mstari wa Tisa

Mzee aliyetoka Kulamawe aliweka daftari mezani, akalisukuma taratibu mbele ya Kiende.

"Salaam aleikum, mwalimu. Msichana wangu alisema hii ikufikie. Ni ya mtihani."

"Aleikum salaam. Yeye mwenyewe yuko wapi, mzee?"

"Tulimzika Jumanne."

Kiende na wenzake wa chuo kikuu walijitolea kufundisha uandishi wa programu kwa mtandao. Binti huyu hakuwa na kompyuta. Alifuata masomo kwenye simu ya baba yake, akaandika kila programu kwa kalamu na kutuma picha. Kiende aliichapa kwenye kompyuta na kumpa majibu.

Sasa Kiende aliichapa ile ya mwisho, herufi kwa herufi. Kompyuta ikaikataa.

"Amepita?" mzee aliuliza.

Kidole cha Kiende kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kusahihisha kungechukua sekunde moja, na mzee hakujua kusoma. Lakini binti yule aliwahi kumwandikia: "Usinirekebishie, mwalimu. Nionyeshe tu."

"Bado, mzee. Kuna kosa moja, mstari wa tisa," alisema. "Alifungua mabano, hakuyafunga."

 Mzee akatoa kalamu mfukoni, akalivuta daftari.

"Nionyeshe inavyokaa."

Kiende aliichora alama ya kufunga mezani kwa ncha ya kidole, kisha akamwonyesha mwisho wa mstari wa tisa.

"Kama mwezi mpya?"

"Kama mwezi mpya, mzee."

Mzee akainama, akaichora, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.