Jambo Moja Unalolijua

Kila baada ya miaka kumi ndoa zilikaguliwa: mume aandike jambo moja analolijua kuhusu mkewe, na mke vivyo hivyo. Mkaguzi akiipangua hoja na mwenyewe asiweze kuitetea, ndoa imekwisha. Mzee Shekue alicheka. Mwanafalsafa mzima, aliyewagaragaza wahakiki kwa barua miaka arobaini, aogope mtihani wa nyumbani? Akaandika: "Najua Nakijwa ananipenda."

Kesho yake jibu likaja, sentensi moja tu, tena yake mwenyewe, kutoka kwenye barua iliyomfunga mdomo mhakiki wake mkali kuliko wote: "Hakuna ajuaye yaliyo moyoni mwa mwenzake, hukisia tu."

"Hee! Wamekuchapa kwa fimbo yako, Baba Mbwana," alisema Nakijwa akimenya viazi. "Haya, wajibu. Mwisho saa sita."

Shekue akashika kalamu. Akaiweka. Akaishika tena.

"Na yako imepita? Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba najua mume wangu hajawahi kukosa jibu." Kisu kikasimama juu ya kiazi. "Hawajaamua. Wanakungoja wewe."