Anayetwanga Nyumbani kwa Haruni

Mchi ulianza tena jua lilipofika utosini, na Mwantum akaangusha ungo wake.

"Huyo," alisema. "Sikilizeni wenyewe. Mbili nzito, moja nyepesi. Nani mwingine Mtunda hii anatwanga vile?"

Wanawake waliokuwa wakipepeta mpunga uani kwake walitua nyungo zao. Mapigo yale waliyajua. Yalikuwa ya Mwanamina, mke wa Haruni, na Mwanamina alikufa tangu masika.

Alifia hospitali, kwenye benchi. Ulikuwa mwaka ule wakubwa walipoamua kwamba sasa mgonjwa naye achangie: glovu anunue, sindano anunue, dawa aifuate duka la nje, na mwenye duka ni jamaa yao haohao. Haruni alikwenda kuuza baiskeli. Aliporudi na dawa, mkewe alikuwa ameshafunikwa khanga. Akamzika hukohuko, maana gari la kurudisha maiti nalo lilitaka mafuta ya kununua. Wakubwa wenyewe wakiumwa hupanda ndege.

Akarudi kijijini peke yake. Alimwambia Kibwana, mwenyekiti wa kijiji, na watu wakaambizana. Kisha likatokea jambo ambalo hawakumsamehe: matanga hayakukaliwa. Hakukutandikwa mkeka, hakukusomwa khitma, hata sufuria ya wali haikuinjikwa. Badala yake, mchi ukaanza kusikika nyuma ya ua wake wa makuti, kila adhuhuri.

"Kamtoa kaburini," watu walisema. "Kamfanya ndondocha wa kumtwangia."

Hakuna aliyethubutu kuchungulia. Nyumbani mle alikuwamo pia Bi Zabibu, mama yake Mwanamina, kipofu, miguu imekufa ganzi. Na huyo walimsikia akizungumza na bintiye.

"Mwanangu, mchele wa leo umekoboka vizuri."

Mchi ukaendelea kupiga.

"Usijitese kunijibu. Mumeo kaniambia, operesheni imekuchukua sauti. Sauti si kitu, mama. Maadamu umerudi."

Mwantum aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake alipokuwa akipita na kuni. Alikimbia, akaacha kuni na kandambili moja.

Tangu hapo Haruni hakupewa salamu. Msikitini ubavu wake ulibaki wazi. Dukani aliambiwa chumvi imekwisha huku gunia analiona. Akakonda, akafuga ndevu, wala hakujitetea.

Mwishowe Kibwana akapitisha mchango wa mganga. Mchango wa paa la shule ulikuwa umemshinda tangu apewe uenyekiti. Huu ulipatikana upesi, na hakuna aliyeulizwa risiti. Mganga akaja kutoka Mahege na wembe wake: mchawi akinyolewa, alisema, ndondocha wake huanguka palepale.

"Akianguka nipeni mimi," alisema Miraji, muuza samaki, wakiwa njiani. "Mke wangu mzima hajawahi kutwanga kila siku."

"Kwa kitambi hicho," alimjibu Mwantum, "hata maiti atakukimbia."

Walicheka kwa nguvu, kama watu wanaoogopa. Vicheko vilikatika walipoufikia ua. Ndani mchi ulikuwa ukipiga. Mbili nzito, moja nyepesi.

Kibwana aliyashika makuti, akayavuta yakang'oka.

Aliyesimama kwenye kinu alikuwa amejifunga khanga ya Mwanamina kifuani, bangili za Mwanamina mkononi, na jasho likimchuruzika ndevuni.

Mwanamume kushika mchi, Mtunda, ni aibu ya kumhamisha mtu kijiji. Huyu alikuwa ameushika kwa khanga ya marehemu. Mganga aliurudisha wembe mfukoni polepole. Miraji alifungua kinywa acheke, kikabaki wazi.

Haruni alijiwekea kidole mdomoni. Akawasogelea, mchi bado mkononi.

"Nawaombeni," alinong'ona. "Bwana dawa wa zahanati kaniambia moyo wa mama mle ndani umechoka, habari mbaya moja itauzima. Siku niliyorudi tu alimwita mwanawe, akaomba chakula. Ningemjibu nini? Niiteni mchawi. Ninyoeni, nitakaa chini. Lakini asijue kama mwanawe kafa. Anakula sasa. Anaishi kwa kuusikia huu mchi."

"Kwa hiyo siku zote hizi ni wewe?" Kibwana aliuliza.

"Ni mimi."

"Na tulivyokutenda, hukusema?"

"Ningemwambia nani, mwenyekiti? Kwenu nyinyi neno la asubuhi adhuhuri limeshafika Kibiti."

Mwantum alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga, machozi yakimtoka. Kibwana alianza kuyarudishia makuti kwa mikono yake, kimyakimya, na wengine wakageuka waondoke.

Mlangoni kukasikika kitu kikiburuzwa.

Bi Zabibu alikuwa amejikokota kwa makalio mpaka kizingitini. Mkono wake ulipapasa fremu ya mlango, ukaishika.

"Kibwana, nakusikia unavyohema," alisema. "Usiondoke. Na hao wenzako wasiondoke."

"Mama," alisema Haruni, na mchi ukamponyoka.

"Nyamaza, baba. Nasema na hawa." Aligeuza uso wake kulikokuwa na watu. "Kwamba mwanangu kafa nilijua alasiri ileile aliporudi huyu. Zilikuwa nyayo za mtu mmoja. Akadhani nimelala. Nikamsikia anapanda juu ya kigoda, anarusha kamba kwenye boriti. Mimi miguu sina ya kumkimbilia. Nikamwita Mwanamina, nikaomba chakula."